Safu ya Nne

Daftari lilikuwa la hesabu, la mwanangu,
kurasa zilizobaki alipomaliza darasa la pili.
Nikachora safu: jina la mama, saa, joto la mtoto.
Ya nne sikuiandikia kichwa.

Nyakaliro, zamu ya usiku,
harufu ya dagaa ikiingia hadi wodini,
nikaona: wachanga wa visiwani hufika wamepoa.
Thelathini na nne nukta mbili.
Thelathini na tano kasoro.
Wameviringishwa kanga iliyolowa maji ya ziwa.

Daktari Magesa akacheka, si kwa ubaya:
"Sista, wewe choma sindano.
Takwimu zina wenyewe."

Zina wenyewe, kweli.
Nyanjige wa Kome ni mmoja wao,
mstari wa kumi na saba;
safu ya joto sikuwahi kuijaza.

Leo, Mwanza, na miaka yangu arobaini na moja,
nakaa dawati la mbele, vijana nyuma yangu,
najifunza kusema "sampuli" bila kushusha sauti.
Usiku bado naosha mikono hadi viwiko.

Mwalimu kauliza: swali lako la utafiti ni lipi?
Nikafungua daftari la hesabu.
Safu ya nne sasa ina kichwa:
Nani alimbeba, na kwa nguo gani.