Nyuzi Tano za Bhimavva

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.
Nasi wenye madaftari tulilisingizia
miaka mitatu mfululizo, kwa majedwali,
hata jua lenyewe nadhani lilichoka.

Mwaka wa nne tukaja na uzi.

Uzi wa kushonea, mwekundu, wa rupia kumi.
Kila mwanamke vipande vitano:
"Fungeni kwenye mche mnaoupenda."
Mistari ishirini na minne ya mbaazi,
vibao vya namba, bila majina,
juu ya udongo mweusi wa Kalaburagi
wenye nyufa za kumeza kandambili.

Namba tisa ilikuwa kipenzi chetu.
Daktari Vinutha aliilea kituoni kama kifungua mimba,
nyuma ya wavu, kwa maji ya mpira;
maganda yamejaa, yamelingana
kama meno kwenye tangazo la dawa ya meno.

Wanawake wakaipita namba tisa
kama mtu ampitavyo anayemdai.

"Ina kasoro gani?" nikauliza, kalamu juu.
Mallamma akavunja shina lake kwa vidole viwili:
"Kuni hizi? Hata chai hazifikishi."
Neelavva akatafuna punje, akaitema:
"Ya kuuza. Ukiipika, watu watalala kabla haijalainika."
Akauliza mwingine, itakomaa lini?
Nikasema, mwisho wa Januari.
Wakacheka.
Mwisho wa Januari mashamba yote yameshavunwa,
mbuzi wa Sharanappa wamefunguliwa kamba.

Bhimavva hakucheka, wala hakufunga.
Nyuzi zake alizizungusha kidoleni
mpaka ncha ya kidole ikawa ya zambarau.
Nikadhani hajaelewa. Nikamweleza tena,
polepole, kwa sauti ya kumnyamazishia mtoto.
(Naiandika sauti hiyo hapa
ili aibu yake ipate pa kukaa.)

Akatupa kisogo, akavuka tuta,
akaingia shambani kwake,
ambako mnyauko ulikuwa umepita
na miche imesimama mikavu, safu kwa safu,
mifagio isiyo na mshikaji.
Katikati, mmoja wa kijani.
Umepinda. Mrefu wa kukera.
Maganda yana mabaka, kama mtu aliyemwagikiwa wino.

Akaufunga nyuzi zote tano.

"Mama yake nilimwona mwaka juzi,
kasimama peke yake hivi hivi kwenye msiba.
Mbegu nikazifukia kwenye kopo la majivu,
mume wangu asiziuze, mwanangu asizile.
Haya, nyie mnaojua kuhesabu. Hesabuni."

Daktari Vinutha akachuchumaa na sari yake nzuri,
akang'oa mche wa jirani, akapasua shina:
ndani mstari mweusi, utambi uliokwisha kuungua.
Akautazama muda mrefu.
Juu, kwenye jua, hakutazama.

Msimu uliofuata, alfajiri,
Bhimavva akavua bangili zake za kioo,
akazipanga juu ya jiwe, kumi na moja,
akashika kibano.
Chipukizi la ua la namba tisa akalifungua
kama afunguaye jicho la mtoto lenye vumbi,
akatoa poleni zake kabla hazijaiva,
akapaka vumbi la yule mpinda mgongo wake.
"Harusi bila mahari," akanong'ona. "Serikali ikijua!"

Maua mia moja tuliyagusa.
Yakashika sita.
Ganda moja likaliwa na panya, tukabaki na matano.

Jioni nikajaza fomu.
Palipoandikwa *Mzalishaji* mkono wangu
ukaanza wenyewe jina la Daktari, kwa mazoea.
Bhimavva hajui kusoma, ila anajua urefu wa jina lake.
"Hilo refu mno," akasema.

Mbegu kumi na tisa.
Tisa ziko kituoni, kwenye friji, na namba zao.
Kumi alizihesabu mwenyewe, mara mbili,
akaondoka nazo kwenye pindo la nguo
kuzirudisha majivuni.