Swali la Kumi na Nne

Nyemo, ile fomu uliyoirudisha mezani kwangu
ukasema, "Samahani mwalimu, nimeiharibu,"
hukuiharibu.

Swali la kumi na nne: Je, unaweza kupanda ngazi
za ghorofa moja bila kupumzika?
Na wewe pembeni, kwa kalamu ya bluu:
"Handali hatuna ghorofa. Bibi anashuka korongoni
na ndoo, anapanda nayo kichwani.
Siku hizi anapumzika mara mbili.
Mwaka juzi hakupumzika."

Nimepasoma hapo mara nne.
Miaka mitatu nimekusanya hapana, hapana, hapana,
nikaandika: wazee wa huku wamedhoofu.

Unasema utafiti ni wa watoto wa madaktari,
si wa binti wa muuza ubuyu pale Nanenane,
ada ya mkopo, Kiingereza kinachochechemea.
Sawa.
Lakini hao hawajui mwinuko wa lile korongo,
wala mwezi ambao maji hujificha chini ya mchanga
mpaka uyafukue kwa kata.

Njoo Jumatatu, ofisi ile ya feni mbovu.
Tutaifuta namba kumi na nne
tuiandike upya, kwa Kigogo kwanza.
Nauli ya Handali nimeiomba, haijatoka;
ikichelewa nitatoa yangu.

Na ukifika, kabla hujampa bibi
kile chuma cha kupima nguvu za mkono,
muulize
yeye angependa kuulizwa nini.