Pipa na Kikombe

Saa sita usiku forfe ya bei nafuu inafunguka,
nami napanda ukuta wa uani, hapa Cimpunda,
simu nimeifunga kwenye mpini wa fagio,
uso wake umeelekea ng'ambo ya Ruzizi,
kwenye mnara wa watu wa Kamembe,
maana wa kwetu umelala
kama mlinzi aliyelipwa kabla ya kazi.

Ninachotaka ni mstari mmoja.
Umefichwa ndani ya ghala la msimbo
lenye uzito wa giga nne na nusu,
kazi ya watu wasiojua Bukavu iko mlima gani.

Programu ya dispensari, ikikutana na kile kialama
kinachoning'inia kati ya M na jina la baba,
inakata hapo hapo.
M'Ntaboba: M.
M'Rhuhuna: M.
Safu nzima ya wanawake inaitwa M,
na muuguzi Zihalirwa anajaza pembeni kwa kalamu
yupi ni yupi, na nani ana damu ya aina gani.

Usiku wa kwanza: asilimia kumi na tisa, mvua.
Wa pili: sitini na mbili, Snel ikachukua moto wake.
Wa tatu nilifika tisini na saba,
nikawa natabasamu peke yangu gizani kama mchumba,
mara maandishi mekundu: upande wa pili umekata.
Nikaanza tena.
Si kwa tisini na saba. Kwa sifuri.
Faranga zangu hazikuanza tena.

Saa tisa bomba likakohoa.
Shangazi akatoka amejitanda kitenge,
akapanga bido zake, za lita tano mbele,
za ishirini nyuma, pipa mwisho kabisa.
Maji yalikuja membamba kama uzi.

Nikamwambia, Shangazi, una bahati wewe.
Yako yakikatika, yaliyoingia yamebaki.
Yangu yakikatika, hata yaliyoingia yanamwagika.

Hakuniuliza ni maji gani.
Alifinya macho kwenye mwanga wa kompyuta, akasema:
"Sasa pipa lisilo na kitako unalitegea nini?
Kinga kwa kikombe."

Nikayasoma maelekezo upya, polepole, hadi nilipokuwa nimeruka.
Nikaandika amri: kina, kimoja.
Nipe ghala lilivyo leo.
Jana yake ikae huko huko.
Niliona haya kidogo kuandika hivyo
katika mji ambamo kila nyumba ina jana yake
chini ya kitanda, imefungwa kamba, tayari kubebwa.

Mega mia mbili na kumi.
Zilishuka kabla bido ya nne haijajaa.

Niliongeza herufi mbili tu.
Jumatatu printa ya dispensari ikatema kadi ya presha:
M'Cirhuza Nabintu, jina zima, na kialama chake.
Shangazi akaigeuza, akaigeuza tena,
akauliza kwa nini wameichapa upande.

Historia niliileta baadaye, kikombe kwa kikombe,
mabadiliko mia usiku huu, mia usiku ule,
na usiku mmoja ambao hakuna kilichoingia.
Usiku wa kumi na saba nikamfikia
yule aliyeuandika mstari wangu.
Miaka kumi na moja iliyopita, mji wa theluji,
saa tisa usiku, yeye pia.
Ameacha maneno matatu: "Itatosha kwa sasa."

Nilitaka kumkasirikia.
Nikakumbuka yangu, yaliyokwisha kutosha kwa sasa,
nikaacha.

Chini yake nikaongeza langu:
"Haikutosha. Shangazi yangu alibaki nje."
Nikatuma.
Kilobaiti mbili.
Zilichukua dakika sita kuvuka mto.