Mkwaruzo Niliouacha

Libuše hakunipa mashine siku ya kwanza.
Alinipa boneti ya Škoda iliyokwisha kufa,
ndoo mbili, kitambaa, na udongo laini wa kusugulia.
Osha, akasema. Kisha osha ulichodhani umeosha.
Chembe moja ya mchanga chini ya sifongo
ni msumari unaozunguka.

Nje, Ostrava ilikuwa chini ya theluji ya kijivu.
Gereji ilinuka nta na kahawa ya jana.
Miaka ishirini na sita alipaka rangi tramu za mji huu;
mabega yake hujua uzito kabla ya mizani.

Funga nywele. Vua pete. Kunja mikono ya sweta.
Waya uupitishe begani kama mkoba,
usiuache utambae juu ya rangi.
Miwani, hata wewe unayejiona mzuri.
Sifongo liguse bati kwanza, ndipo ubonyeze swichi;
ukiiwasha hewani, polishi itaruka hadi darini.
(Nikatazama dari: madoa ya walionitangulia.)

Mizunguko mia sita kwa dakika, ya kutandaza.
Elfu moja na mia mbili, ya kazi.
Elfu tatu ni ya wenye pesa za kununua mlango mpya.

Nilidhani ni nguvu.
Nikaikandamiza kama azimaye moto,
kumbe ndimi niliyekuwa nauwasha.
Mashine ikanivuta kushoto, ikanivuta kulia,
mbuzi aliyekataa kamba.
Sekunde nne tu nilisimama ukingoni.
Harufu ilifika kabla ya macho:
nyekundu ikafunguka, kijivu cha chini kikachungulia,
duara dogo, goti la mtoto aliyeanguka.

Libuše hakufoka. Alichukua chaki,
akaandika tarehe pembeni ya jeraha,
akaitundika boneti ukutani pamoja na nyingine kumi na moja.
Ya zamani kuliko zote ina jina lake.

Baadaye alinifundisha kugusa kwa mgongo wa mkono:
vuguvugu, endelea; ikikufanya usite, ondoka.
Alinifundisha tepu ya karatasi kwenye kila kona na mkunjo,
kwa kuwa rangi ni blanketi fupi, haifiki vizuri pembeni.
Sifongo lilale bapa. Lizunguke likitoka ukingoni,
lisizunguke likiuingia. Na utembee, utembee,
mwendo wa mtu abebaye supu ya moto bila kifuniko.

Machi, Bwana Pospíšil wa mazishi alileta gari lake.
Jeusi.
Kwenye jeusi hakuna siri:
kila uzembe huandikwa kwa miduara ya mwanga,
na jua la saa sita huusoma kwa sauti.
Libuše akanikabidhi mashine, akaenda na kikombe chake,
akaketi mahali ambapo ningeweza kumwona asivyonitazama.

Siku mbili. Shubiri mbili kwa shubiri mbili.
Kwenye mlango wa nyuma nikakuta mkwaruzo,
urefu wa kidole, huenda wa pete ya mbeba jeneza.
Nikaweka kipimo: maikroni themanini na moja.
Kwingine kote, mia na ishirini.
Mtu alishapita hapa na haraka zake.

Kidole kilikuwa kwenye swichi.
Mkwaruzo ungetoka, na rangi ingetoka nao.
Nikaachia, nikangoja sifongo lizunguke hadi lichoke,
nikapapaka nta kwa mkono,
nikahamia upande wa pili.

Jumamosi, nje ya kanisa kule Vítkovice,
mama mmoja alisimama kando ya mlango ule.
Alijitazama kwenye weusi, akaweka skafu sawa,
kisha ncha ya glavu yake ikaufuata mkwaruzo
hadi mwisho, ikarudi, ikaufuata tena.
Nilitaka kumweleza habari za unene.
Pospíšil akafungua mlango.