Gamba, Ukuta wa Himbi

Mwenye nyumba anasema ni uchafu, usugue.
Kasoki amepiga magoti, lenzi jichoni,
pua inakaribia kugusa jiwe la volkano
lile lile lililomeza jiko la mama yake.

Anaandika: kijivu, limepasukapasuka
kama kisigino cha muuza makala.
Ukingo mweusi, mwembamba, wanja.
Vijikombe kumi na saba. Hapana, kumi na tisa.

Kuvu na mwani, ndoa isiyo na mahari:
huyu anapika mwanga,
yule ameng'ang'ania jiwe.

Tone la potasi. Ngoja.
Njano. Halafu, polepole, nyekundu,
kana kwamba jiwe limekumbuka.

Jina? Anaacha mstari mtupu.
Upana: ukucha wa kidole gumba.
Umri: hesabu tangu siku tuliyokimbia.