Volkano ya Simenti

Meli ilitushusha Bukavu saa kumi na mbili asubuhi,
shingo zimepinda kwa kulalia magunia ya vitunguu.
Nahodha akasema: saa kumi kamili napiga honi,
atakayechelewa aogelee hadi Goma.
Tukacheka, wanawake tisa wa likelemba ya Birere,
vitenge vya sare, rangi ya embe bichi,
miezi kumi na minne tukidondosha mia tano mia tano
ndani ya kopo la maziwa ya unga
ili siku moja tu tuitwe watalii.

Bustani iko juu, mwisho wa mteremko mwekundu.
Udongo! Sisi wa mawe meusi,
tuliozoea kutembea juu ya moto uliopoa,
tulivua viatu ili utuingie kati ya vidole.
Nsimire akajaza mfuko:
"Nitapanda lenga-lenga kwenye beseni."

Kijana wa mlangoni, Murhula, kofia imemzidi kichwa,
alitupitisha kwenye msitu wenye vibao,
daraja la kamba linaloyumba kama mlevi wa kasiksi,
sokwe wa mbao anayeguna ukimgusa tumbo.
Siku hiyo betri zilikuwa zimekwisha.
Akaguna Murhula mwenyewe.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi:
"Na sasa, mama zangu, volkano."

Ilikuwa ya simenti. Kimo cha banda la kuku, labda na nusu,
mdomo umepakwa nyekundu kama bibi harusi mwenye haraka.
Nyuma yake mzee alichoma majani mabichi
ili moshi utokee juu. Miguu yake tuliiona.
Watoto wa shule wakapiga makofi,
nasi tukaanza: hii hata hindi haichomi!
Kavugho hakucheka.

Aliizunguka mara moja, polepole,
kama mtu anayenunua mbuzi.
Akaweka kiganja. Baridi.
"Nilikuwa na cherehani," akasema,
akiiambia hiyo volkano, si sisi.
"Pedali yake ililia kama chiriku.
Na mlango wa bluu.
Muhindo alirudi kuufunga."

Mzee akaacha kupepea. Moshi ukakatika.
Murhula alivua kofia, hakujua aiweke wapi.

Ndipo Kavugho akakunja kitenge, akapanda,
akakaa palepale mdomoni,
akafungua sambaza zake za kukaanga
na kugawa, mzee kwanza.
"Kuleni. Leo mimi ndiye niko juu."
Kisha akauliza nani amebeba pilipili.

Honi ilitukuta bado tunateremka, viatu mkononi.

Usiku, katikati ya ziwa,
anga juu ya Goma ilikuwa nyekundu kidogo.
Hakuna aliyenyoosha kidole.
Nsimire alilala amekumbatia udongo wake.
Kavugho, macho makavu, alihesabu chenji kwa tochi ya simu:
zilibaki franga elfu mbili na mia tano.
Akazirudisha kwenye kopo.