Masahihisho

Darasa letu liko juu ya duka la pembejeo,
mtaa wa nyuma ya stendi ya Moshi.
Harufu ya mbolea hupanda ngazi pamoja nasi.
Viti kumi na kimoja, kompyuta nne, zinazowaka mbili.
Mwalimu Eliakunda huingia bila salamu:
"Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani?"
Hiyo ndiyo hodi yake.

Wiki ya tatu nilikuwa na bando la elfu moja,
chaji asilimia tisa,
na soko la Kiboriloni lilikuwa linaungua.
Nilisimama upande wa viatu vya mitumba,
Moshi mji, moshi macho, moshi koo,
mama mmoja akapita mbio na ndoo tupu:
"Mzee Anaeli wa viatu kaishia humo!"

Kaishia humo.
Ulimi hauna mfupa, wahenga walikwisha sema.
Kidole kina mifupa mitatu
na bado kiliteleza.

MZEE AFIA MOTONI,
kabla ya redio, kabla ya wale wa Arusha wenye kamera.
Mia mbili wakasoma. Elfu moja. Elfu tisa na ushei.
Nililala na simu kifuani
kama mzazi na kichanga.

Asubuhi Mzee Anaeli alipanda zile ngazi
kwa miguu yake,
bandeji mkono wa kushoto,
viatu viwili visivyofanana, ndivyo alivyookoa.
Hakufoka. Alivuta kiti.
"Dada yangu kule Mamba amekata mikungu minne ya matanga.
Binti yangu katoka Dodoma na basi la usiku,
kalia njia nzima hadi abiria wakamchangia.
Sasa, mwanangu, hizo hela tumrudishie nani?"
Wenzangu walicheka.
Mwalimu hakucheka.

Alinipa karatasi na kalamu.
Niliandika: *Taarifa zilizosambaa jana…*
Akakata. "Zilisambaa? Zina miguu?"
Niliandika: *Kulitokea makosa…*
Akakata. "Yalitokea yenyewe, kama mvua?"
Mzee Anaeli alikunywa chai, akapiga miayo,
akaniazima miwani yake, sijui kwa nini.
Ya sita ikawa hivi:

*Jana niliandika kwamba Anaeli Kileo amefariki.
Si kweli. Yuko hai.
Sikumtafuta, sikumpigia mtu yeyote simu.
Mwandishi ni mimi, Kandida Shirima.*

Mwalimu akaisoma, akafunika kalamu yake.

Tuliipandisha saa nne.
Hadi jioni walikuwa wameisoma arobaini na mmoja,
na kati ya hao, mara tatu ni mimi.

Sasa ni mwezi wa tano.
Najua kukata video, kusafisha sauti ya upepo,
kuisoma saa ya picha kwa urefu wa vivuli.
Najua kichwa cha habari kinavyopigwa pasi
hadi king'ae kuliko nguo yenyewe,
na mkono bado unawasha, siwadanganyi,
kila nisikiapo king'ora upande wa Majengo.

Basi hupiga simu. Napiga ya pili.
Ya tatu ikiita bila kupokelewa, naisubiri,
huku wengine wakitangulia.

Na nikikatiza Kiboriloni,
kwenye meza mpya ya mbao ambazo hazijapigwa randa,
sauti hunifuata katikati ya raba na buti:
"We Kandida! Leo vipi, nimekufa?"
"Bado nahakiki, mzee."
"Hakiki vizuri. Namba yangu unayo."